Muziki wa gemu za zamani: kwa nini tuliousikia Lamu haukuwa ule uliotungwa Japani

Mwanzilishi wa uzi, Lamu

Assalamu alaykum ndugu zangu.

Kila gemu za zamani zinapotajwa, muziki wake huitwa milio tu, na mazungumzo yakaishia hapo. Mimi naona muziki ule unastahili kujadiliwa kwa kina, na sisi wa pwani tuna sababu ya ziada ya kuujadili. Mashine tulizochezea katika mabanda ya Langoni, zile za kuunganishwa na televisheni na kupachikwa kaseti nene za rangi ya manjano au nyeusi, hazikuwa mashine halisi za Nintendo. Zilikuwa nakala za Famicom, mashine ya gemu ambayo Nintendo waliiuza Japani, na nakala hizo ziliubadilisha muziki kwa namna tatu ambazo zinaweza kupimwa kwa hesabu. Kwa maneno mengine, nyimbo tunazozikumbuka ni toleo ambalo watunzi wake hawakulikusudia, na huenda wengi wao hawakuwahi kulisikia.

Kwanza tuifahamu mashine yenyewe. Famicom ilitoka Japani mwaka 1983, na moyo wake ulikuwa chipu ya Ricoh iitwayo 2A03, iliyounganisha prosesa ya ukoo wa 6502 na mitambo ya kuzalisha sauti katika kipande kimoja. Ndani ya kaseti hamkuwa na wimbo uliorekodiwa. Mlikuwa na maagizo tu: chaneli fulani, yaani njia moja ya sauti ndani ya chipu, ipige noti fulani, kwa ukali huu, kwa muda huu, kisha inyamaze. Chipu iliyasoma maagizo hayo na kuupiga wimbo upya kila mara gemu ilipowashwa. Super Mario Bros ya mwaka 1985, pamoja na picha zake, ramani zake na muziki wote wa Koji Kondo, ilienea katika kilobaiti 40.

Chaneli zilikuwa tano. Mbili za kwanza hutoa mawimbi ya mraba, na mtunzi aliweza kuchagua wimbi likae juu kwa asilimia 12.5, 25, 50 au 75 ya kila mzunguko. Uchaguzi huo ndio unaoipa sauti tabia yake. Asilimia 50 hutoa mlio mpana na laini kiasi, ilhali 12.5 hutoa mlio mwembamba unaopenya kama nzumari inavyopenya juu ya ngoma. Asilimia 25 imekaa katikati, nayo ya 75 masikioni haina tofauti na 25. Chaneli ya tatu ni ya wimbi la pembetatu, ambayo kwa kawaida hubeba besi kwa sababu hushuka oktava moja chini ya zile mbili. Chaneli hii haina kidhibiti cha ukali: ama inapiga, ama imenyamaza. Ya nne hutoa kelele zilizopangwa kwa hesabu, na hizo ndizo zilizogeuzwa kuwa ngoma, matoazi na milipuko. Ya tano inaweza kupiga sauti iliyorekodiwa, lakini kwa njia ya ubahili mkubwa, kwa kuwa kila biti moja husema tu kwamba wimbi lipande kidogo au lishuke kidogo. Kwa kasi yake ya juu kabisa, takriban 33 kHz, rekodi ndefu kuliko zote hujaza kilobaiti 4 na haifikii hata sekunde moja.

Kuna wahandisi waliokataa kuichukulia chaneli hiyo ya tano kuwa ya ngoma pekee. Katika gemu za kampuni ya Sunsoft, hasa Journey to Silius ya mwaka 1990, ambayo muziki wake una mkono wa Naoki Kodaka, chaneli hiyo ilipewa rekodi fupi za gitaa la besi kwa noti mbalimbali. Hivyo pembetatu ikapata nafasi ya kufanya kazi nyingine, na besi ikatoka nzito kiasi kwamba msikilizaji hawezi kuamini ni mashine ileile. Kwangu mimi hicho ndicho kilele cha Famicom, kupita hata nyimbo za Mario ambazo kila mtu huzitaja.

Tena tukumbuke kwamba chaneli hizo tano zilikuwa za muziki na za vitendo vya mchezo kwa pamoja. Mchezaji aliporuka, sauti ya kuruka ilinyakua chaneli moja, na sehemu ya wimbo iliyokuwa ikipigwa humo ikapotea kwa muda. Mtunzi mzuri aliutunga wimbo akijua kwamba utaibiwa.

Sasa nieleze yale mabadiliko matatu.

La kwanza ni mwendo. Programu za muziki za wakati huo zilihesabu muda kwa picha za televisheni. Japani na Marekani zilitumia mfumo wa NTSC, wenye takriban picha 60 kwa sekunde, na kwetu Kenya mfumo ulikuwa PAL, wenye picha 50. Noti iliyoandikwa idumu kwa picha 30 ilidumu nusu sekunde kule, na huku ikadumu sekunde 0.6. Wimbo wa mapigo 120 kwa dakika ukawa wa mapigo 100.

La pili ni kimo cha sauti, na hapa ndipo nakala zilipotofautiana hata na Nintendo halali ya Ulaya. Chukua mfano mmoja. Mtunzi anaandika namba 253 katika rejista, yaani kisehemu cha chipu kinachohifadhi namba, ya chaneli ya mraba. Chipu huongeza moja, huzidisha kwa 16, kisha hugawa kasi ya prosesa kwa jibu hilo. Katika Famicom ya Japani, ambayo prosesa yake huenda kwa 1,789,773 Hz, hupatikana 440.4 Hz, yaani ile noti ya A ambayo wapiga ala hutumia kuoanisha ala zao. Katika Nintendo ya Ulaya prosesa ilipunguzwa hadi 1,662,607 Hz, na namba ileile ikatoa 409.1 Hz, ambayo imeshuka zaidi ya nusu toni. Ila katika nakala za PAL zilizotumia chipu ya kampuni ya UMC iitwayo UA6527P, kasi ni takriban 1,773,448 Hz, na noti hutoka 436.4 Hz. Sikio la kawaida halitaona tofauti. Kwa hiyo sisi tulipata wimbo wa taratibu kama wa Ulaya, lakini ukiwa karibu kabisa na kimo cha Japani.

La tatu ndilo linalonishangaza zaidi. Katika nakala nyingi za aina hiyo, mpangilio wa asilimia 25 na 50 ulibadilishana nafasi. Mtunzi aliyeagiza mlio mpana alipewa mwembamba, na aliyeagiza mwembamba akapewa mpana, huku 12.5 na 75 zikibaki zilivyo. Noti haikuguswa wala mapigo hayakuguswa, ila mwimbaji, kana kwamba, si yule.

Naomba michango yenu, hasa ya wale ambao bado wana mashine hizo.

Mchangiaji, Malindi

Waalaykumu salaam kaka. Nimesoma kwa makini, lakini kuna jambo moja sijaridhika nalo. Huku kwetu Malindi, na zaidi huko kwenu Lamu wakati wa stima ya jenereta za dizeli, wachezaji wote waliamini kwamba gemu huenda polepole umeme unapokuwa dhaifu. Je, kushuka kwa mwendo hakukutokana na umeme badala ya televisheni? La pili, nyumbani tulikuwa na Sega Mega Drive na sauti yake ilikuwa ya namna nyingine kabisa, yenye chuma ndani yake. Naomba ufafanuzi.

Mwanzilishi wa uzi, Lamu

Ahsante dada, maswali yote mawili ni ya msingi.

Umeme haukuhusika na mwendo. Saa ya mashine hizi ni kipande cha quartz kilichochomelewa kwenye bodi, nacho hutetema kwa kasi yake bila kujali jenereta inazungukaje. Umeme ukishuka mno, adapta hushindwa, picha hutikisika, sauti huingiwa na mvumo, na mwisho gemu huganda au huanza upya, lakini wimbo haupungui mwendo taratibu. Quartz ya Nintendo ya Ulaya na ya nakala nyingi za PAL ni ileile ya takriban 26.6 MHz, iliyochaguliwa kwa ajili ya rangi za televisheni. Nintendo waligawa namba hiyo kwa 16 ili kupata kasi ya prosesa, na waliotengeneza UA6527P wakagawa kwa 15. Kugawa kwa 15 kuliikaribia zaidi kasi ya Japani, na hilo ndilo lililowafaa, kwa sababu kaseti walizonakili zilikuwa za Famicom na zilitegemea hesabu za Famicom. Kimo cha noti kikaokoka kwa namba hiyo moja.

Kuhusu Mega Drive, iliyotoka Japani mwaka 1988, hapo tunaingia katika elimu nyingine. Chipu yake ya Yamaha, YM2612, ina chaneli sita zinazofanya kazi kwa ubadilishaji wa masafa, au FM kwa ufupi. Mbinu hii iligunduliwa na John Chowning katika Chuo Kikuu cha Stanford mwaka 1967, kisha Yamaha wakapata haki ya kuitumia, na kinanda chao cha DX7 cha mwaka 1983 kikaitangaza duniani kote.

Ifikirie hivi. Mwimbaji anapotetemesha sauti, kimo chake hupanda na kushuka mara chache kwa sekunde, na sisi tunaisikia ile tetemesho. Sasa ongeza kasi ya tetemesho hadi ifike mara mia kadhaa kwa sekunde. Sikio halitasikia tena kupanda na kushuka, litasikia sauti mpya iliyojaa masafa ya pembeni ambayo hayakuwamo mwanzo. Wimbi moja likiliyumbisha jingine kwa uwiano wa namba nzima, hutoka sauti inayotulia masikioni, kama ya besi au ya tarumbeta. Uwiano ukiwa na sehemu za desimali, hutoka kengele na chuma, na hicho ndicho chuma ulichokisikia. YM2612 ina mawimbi manne katika kila chaneli, nayo yanaweza kupangwa kwa mifumo minane ya nani amyumbishe nani. Chaneli ya sita huweza kuacha FM na kupiga sauti zilizorekodiwa, kwa kawaida ngoma. Isitoshe, mashine ina chipu ya pili, ya mawimbi ya mraba na kelele, inayotoka katika ukoo wa SN76489.

Yuzo Koshiro alipotunga muziki wa Streets of Rage, gemu ya mwaka 1991, aliandika noti kama maandishi ya programu katika kompyuta ya NEC PC-8801, hakuketi mbele ya kinanda. Ndiyo maana mapigo yake yamekatwa kwa usahihi ule. Nawe dada, ikiwa Sega yenu ilikuwa ya PAL na mlicheza Sonic the Hedgehog ya kwanza, basi nanyi mliusikia muziki wa Masato Nakamura ukienda polepole kuliko alivyoutunga.

Mpiga kinanda, Shela

Ustadh, mimi hupiga kinanda katika taarab za harusi, na jambo moja linanitatiza. Umesema chaneli za mraba ni mbili na ya besi ni moja. Lakini katika nyimbo nyingi za gemu nasikia noti tatu au nne zikipigwa kwa pamoja, na juu yake melodia inaendelea. Noti hizo zinatoka wapi?

Mwanzilishi wa uzi, Lamu

Hazipigwi pamoja, bwana. Zinapigwa moja baada ya nyingine kwa kasi ambayo sikio hulazimika kuziunganisha. Programu hubadilisha noti ya chaneli moja kila picha inapobadilika: picha ya kwanza C, ya pili E, ya tatu G, kisha inarudi C. Katika picha 60 kwa sekunde mzunguko mzima hukamilika mara 20 kwa sekunde, na katika picha 50 hukamilika mara 16 na zaidi kidogo. Kwa hiyo katika mashine zetu mchemko ule ulisikika wazi zaidi kuliko Japani.

Waliolifanya jambo hili kuwa sanaa yenye jina lake ni watunzi wa kompyuta ya nyumbani ya Commodore 64 huko Ulaya, wakiwemo Rob Hubbard na Martin Galway, kwa kuwa chipu yao ya SID ilikuwa na sauti tatu tu. Chipu hiyo ya mwaka 1982 ilibuniwa na Bob Yannes, ambaye alitaka ala kamili ya muziki ndani ya kompyuta. Akaipa kila sauti mpangilio wake wa kupanda, kushuka, kutulia na kufifia, na juu ya yote akaweka kichujio ambacho Famicom haikuwa nacho. Ukiisikiliza kwa sikio la mpiga kinanda utaona kwamba imekaribia zaidi sinthesaiza kuliko mashine ya gemu.

Kuna hila nyingine itakayokufaa hata wewe jukwaani. Chipu ya Famicom haina mwangwi. Watunzi wakaichukua melodia ileile, wakaiandika katika chaneli ya pili ya mraba ikiwa imechelewa kidogo na kupunguzwa ukali, na chumba kikubwa kikapatikana bila kifaa chochote. Baadaye, mwaka 1990, Super Famicom, mrithi wa Famicom, ilikuja na mwangwi ndani ya chipu yenyewe, chaneli 8 za sauti zilizorekodiwa, na kilobaiti 64 za kumbukumbu zilizopaswa kutosha rekodi, programu ya muziki na mwangwi wenyewe. Ken Kutaragi wa Sony ndiye aliyeibuni sehemu hiyo, lakini hiyo ina mambo mengi na inastahili uzi wake.

Fundi wa redio, Mombasa

Nachangia kwa upande wa ufundi. Nimepokea nyingi ya mashine hizi zikiwa na lalamiko moja: picha ipo, sauti hakuna. Katika televisheni zetu za PAL B/G sauti hukaa 5.5 MHz juu ya picha. Mashine zilizotengenezwa kwa soko lenye mfumo wa 6 au 6.5 MHz huonyesha picha safi, lakini televisheni haiipati sauti. Dawa ni kuifungua moduleta, kile kijisanduku kinachogeuza picha na sauti kuwa mawimbi ya televisheni, na kuzungusha koili ya sauti kwa bisibisi ya plastiki, taratibu, hadi sauti iingie. Naona wengi walizitupa mashine nzima kwa jambo hili.

Mwanzilishi wa uzi, Lamu

Mchango wako una thamani kubwa, fundi wangu, na nauongezea chanzo cha pili ambacho visiwani kwetu ni cha kawaida sana.

Kaseti ya Famicom ina pini 60, na kati ya hizo pini ya 45 hutoa sauti kutoka katika mashine kuingia ndani ya kaseti, na pini ya 46 huirudisha. Sauti yote ya gemu hupita ndani ya kaseti kabla ya kwenda kwenye televisheni. Katika kaseti za kawaida pini hizo mbili zimeunganishwa tu kwa kipande cha shaba. Nintendo waliziweka hivyo ili kaseti iweze kuongeza sauti zake njiani, na kampuni ya Konami ikaitumia nafasi hiyo katika gemu ya Akumajo Densetsu ya mwaka 1989. Chipu yao ya VRC6 iliongeza chaneli mbili za mraba na moja ya wimbi la msumeno. Mashine ya Nintendo iliyouzwa Marekani na Ulaya haikuwa na njia hiyo katika tundu la kaseti, na kwa sababu hiyo gemu hiyo huko ilipigwa kwa chaneli tano za kawaida.

Ukiifungua kaseti iliyokaa Lamu bila kifuniko utaona kwenye ukingo wa bodi vipande vya shaba vilivyoanza kugeuka kijani kutokana na hewa ya chumvi, na katikati doa la gundi nyeusi lililofunika chipu. Pini 58 zinaweza kuwa safi na picha ikatoka bila kasoro, lakini moja kati ya zile mbili ikishikwa na kutu, gemu nzima inakuwa bubu. Katika nakala zilizoufuata mpangilio huo ni hivyohivyo. Basi kanuni ya kupima ni nyepesi: ukibadilisha kaseti na sauti ikarudi, kosa ni la pini, kaseti zote zikiwa bubu, tazama moduleta kama fundi alivyoeleza, au tumia tundu la AV ikiwa mashine inalo. Safisha pini kwa kifutio cha penseli, kisha kwa pamba yenye spiriti, na uache ikauke kabisa. Ile desturi ya kupuliza kaseti kwa mdomo iachwe, kwa kuwa pumzi ina unyevu, na unyevu juu ya chumvi huongeza kutu.

Mchangiaji, Malindi

Nimekuelewa kaka, na suala la umeme nimelikubali. Je, sisi ambao mashine zetu zimekufa tunaweza kuusikia tena muziki kama ulivyokuwa? Nikiutafuta mtandaoni naupata wa kasi, na haunipi kitu.

Mwanzilishi wa uzi, Lamu

Inawezekana, dada. Unaousikia mtandaoni kwa kawaida umerekodiwa kwa mpangilio wa Japani au Marekani. Usijaribu kuirekebisha rekodi hiyo kwa kuipunguza kasi, kwa maana utaishusha na kimo, na kimo chetu hakikushuka.

Tumia emuleta, yaani programu ya kompyuta inayoiga mashine ya gemu, iitwayo Mesen au FCEUX. Katika sehemu ya eneo, chagua Dendy, ambalo ni jina la nakala iliyouzwa sana Urusi na yenye hesabu zilezile za picha 50 na prosesa ya 1.773 MHz. Kisha ingia katika mipangilio ya sauti na uwashe chaguo la kubadilishana asilimia za mawimbi ya mraba, ambalo limewekwa mahususi kwa ajili ya kuiga nakala za zamani. Sikiliza kwanza bila chaguo hilo, halafu uliwashe wimbo ukiwa unaendelea, nawe utasikia ni lipi lililo lako, kwa kuwa si nakala zote zilizokuwa na mabadilishano hayo.

Na kwa yeyote ambaye mashine yake bado inawaka, hapa Lamu, Malindi au kwingineko, ombi langu ni kwamba airekodi moja kwa moja kutoka tundu la AV kuingia katika kompyuta, si kwa simu mbele ya spika. Airekodi chaneli mbili za mraba katika wimbo mmoja unaojulikana, kisha aandike pembeni namba iliyo juu ya chipu ikiwa inasomeka, au aseme kwamba chipu imefunikwa kwa gundi. Rekodi hizo tukizilinganisha na za emuleta tutajua ni nakala zipi hasa zilizofika pwani hii na zipi kati yake zilibadilisha milio. Wekeni faili za WAV hapahapa katika uzi, si MP3, kwa sababu mbano wa MP3 huharibu masafa ya juu ya mawimbi ya mraba, na hayo ndiyo tutakayoyapima.